Kisu cha Kitako cha Chupa

"Hiki nacho kisu?" mwalimu aliuliza, akakiinua wanafunzi wote wakione.

Kisu kilikuwa cha Mwanakuu. Asubuhi nzima alikuwa akikigonga kwa kokoto kitako cha chupa alichookota kwenye jaa la Kibarani, maana wanaoanza kujifunza kuchonga visu vya mawe huanza na kioo. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa matambara. Visu vyake vya kwanza, mwalimu alivisaga kwa kiatu.

"Hiki hakichinji hata kuku, binti." Akamgeukia, akakipitisha kwenye koo lake mwenyewe huku ametoa ulimi. Nyuma yake wanafunzi wakaangua kicheko.

Chini ya ndevu ukatokea mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Mwalimu hakuhisi kitu. Mstari ukapanuka, ukaanza kuteremkia kanzu.

"Mbona wewe hucheki?"

Mwanakuu akacheka.