Kofia Iliyobaki Nusu

Daktari wa macho alieleza kwa mara ya tatu. Upasuaji wa mtoto wa jicho una hatari zake, ingawa wanaodhurika ni wachache. Akiwekewa jichoni lenzi ya kuonea mbali, ingemwonyesha Bi Zuwena watu barabarani, lakini akishona avae miwani. Ya karibu, kinyume chake.

"Mwekee ya mbali," alidakia bintiye, Raufa. "Juzi kasalimia nguzo ya umeme!"

"Na iliniitikia vizuri kuliko wewe."

Bi Zuwena alikuwa amechoka kuamuliwa. Tangu atoke eda, wanawe walimchagulia chumba, chakula, hata kanga za kuvaa. Akatoa mkobani kofia aliyokuwa akimshonea marehemu mumewe. Nusu ilikuwa imedariziwa, nusu ilibaki michoro ya penseli. Sindano ilikuwa bado imechomekwa pale alipoishia siku ya msiba.

"Mama, si utaimalizia kwa miwani?" Raufa alisonya.

"Nimejaribu. Nikiishika tu, miwani inalowa."

Daktari alisubiri, kalamu juu ya fomu, kati ya visanduku viwili. Bi Zuwena aliisogeza kofia karibu na uso, kisha akainyoosha mbali, usawa wa kichwa cha mumewe, kana kwamba amesimama mlangoni.