Beti za Nyumbani

Kwa miaka kumi na mmoja Ramila alikwenda kwa Guruji Dayashankar kila asubuhi, akahifadhi visa vitakatifu vya Kisanskriti ubeti kwa ubeti, maana mwalimu huyo hakuruhusu kuandika. Siku alipohitimu, mzee alimwekea mkono kichwani akamwambia, "Nimekupa beti zote." Ramila naye akaanza kuwafundisha wanawake saba wa mji ule.

Katika sikukuu ya hekalu, Hasmukh, mwana wa Guruji, alitangulia kughani kisa cha mfalme aliyebakiwa na siku saba za kuishi. Ramila aliketi mbele akimfuatisha kimyakimya, hadi midomo yake ikakosa neno. Hasmukh alikuwa akighani beti nne ambazo yeye hakupata kuzisikia, na ndizo zilizoeleza kwa nini mfalme hakuogopa kufa.

Akamsogelea mzee. "Guruji, hizo hukunifundisha."

"Hizo ni za nyumbani, binti yangu," Guruji alijibu kwa upole, macho yake yakiwa kwa mwanawe. "Mwana ndiye huzirithi."

"Uliniambia umenipa zote."

"Nilikupa zote zinazokufaa."

Kisha wanafunzi wa Ramila wakaitwa nao waghani kisa hichohicho, kama ilivyo desturi. Walipofika pale, wanawake wale saba walizivuka beti nne bila kujua, kwa sauti moja tamu, nyuso zao zikimeremeta. Guruji akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ramila aliinua mkono awasimamishe, na mkono ukabaki hewani.