Taa ya Kukunja

Sonara wa Malindi aliuliza mara mbili kama kweli Kaltuma anataka kikuku chake cha fedha cha harusi kivutwe kiwe nyuzi, nyembamba kama unywele.

"Vuta tu, mwanangu," alijibu.

Nyumbani Mambrui, alizitandaza nyuzi zile juu ya karatasi ya nailoni, wavu wa fedha usioonekana kwa urahisi. Zubeir, mumewe, alipitisha kidole juu yake taratibu.

"Mashallah. Huu hautapasuka."

Ngozi nyembamba ya madini waliyoijaribu kwanza, ile inayopakwa kwenye vioo vya saa za namba, ilikuwa imewashinda. Hupitisha umeme, nawe unaona ng'ambo, ila ukiikunja hupasuka. Zubeir alitaka taa laini kama leso, isiyo na moto, mtoto alale nayo kitandani. Chini ya wavu walipaka rangi aliyoichemsha mwenyewe, ambayo ingewaka ikiguswa na umeme.

Stambuli, mwana wao wa pekee, alipenda kusoma kitandani kwa koroboi. Usiku mmoja ikaanguka, chumba kikashika moto. Zubeir aliingia motoni kumtoa, akatoka peke yake, na makovu hadi viwikoni. Mpaka leo humwita mtoto akiwa usingizini, kisha hutega sikio kungoja jibu.

"Ikiwaka tu, Mama Stambuli, nimemaliza," alizoea kusema. "Nitamfuata mwanangu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeaga kwenda msikitini.

"Hodi! Shikamooni!" Mwezi mmoja tangu wavu utandazwe, alikuwa Kenga tena, fundi wa betri kutoka Gede. Aliitua betri ya gari sakafuni, akajifuta jasho. "Nimeichaji tena. Lakini Mzee, hebu nieleze. Taa haiwaki, umeme wa betri unakwenda wapi?"

"Betri imechoka," Kaltuma akadakia. "Kama anayeibeba."

Zubeir akacheka. Kaltuma aliupenda mcheko ule. Akamfungia Kenga mahamri ya njiani, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Aliporudi alifunga madirisha yote, vumbi lisiingie. Akaufunga uzi uliokatika, akaunga nyaya kwenye betri, akaushika mkono wa mumewe, akamwekea kidole juu ya swichi.

"Bismillahi," Zubeir akasema, akabonyeza. "Vipi?"

Nailoni yote ikawaka, kimanjano, kama ilivyowaka juzi na juma lililopita. Mwanga ukajaa chumba hadi darini. Ukamfikia Zubeir usoni, ukayajaza macho yake, meupe tangu moto ule, nayo hayakupepesa.

Kaltuma aliutazama kidogo. Kisha akautafuta ule uzi wa fedha ulioshika waya, akaukata tena kwa ukucha, mwanga ukazimika.

"Bado, Baba Stambuli," akasema.