Kumi na Wawili kwa Kila Jengo

Wanawake kumi na wawili walikuwa wanavua aproni za bluu na kuvaa za kijani nyuma ya gari la mizigo, na gari lenyewe lilikuwa linakata kona kwa fujo. Mashine ya kung'arishia sakafu ililazwa miguuni mwao, na kwa kila breki iliwagonga magoti. Mmoja alivaa aproni nyuma mbele. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumwambia.

Mbele, pembeni ya dereva, mwenye kampuni alikuwa anatafuna kucha. Wafanyakazi walimwita Mama Ratiba. Kwa miaka minne aliendesha usafi wa zahanati, ofisi za mawakili na maktaba kwa watu wanne wanne na mashine hiyo hiyo moja. Mashine ilifika zahanati kabla ya wagonjwa, ikahamia kwa mawakili wakiwa mahakamani, ikamalizia maktaba wasomaji wakienda kula. Hakuna aliyekaa bure, na hakuna mteja aliyewahi kulalamikia vumbi.

Asubuhi hiyo alikuwa ameibandua ratiba ukutani na kuisukumia nyuma ya kabati.

"Aibu tupu," alimwambia wifi yake, ambaye ndiye msimamizi. "Meneja wa jengo la ghorofa ishirini anakuja kukagua wafanyakazi na vifaa, halafu sisi tumwonyeshe watu wanne na ndoo?"

Ndipo akapata wazo. Meneja angezikagua kazi zote tatu kwa zamu. Yeye angepita barabara kubwa na foleni yake, wao wangepita vichochoroni, na kila ambapo angefika angekuta watu kumi na wawili, wale wale kwa aproni za rangi nyingine. Kazi ya ghorofa ishirini ilikuwa lazima ipatikane. Zahanati ilikuwa inafungwa mwisho wa mwezi, na wanawake wanne, wifi akiwemo, wangebaki bila kazi. Mama Ratiba alikuwa hajalala vizuri wiki nzima kwa kuwafikiria.

Zahanati ilikuwa imepita salama, au karibu na salama. Meneja alikuwa mwanamume mkimya mwenye daftari dogo. Alihesabu watu, akawatazama wawili waliokuwa wanafuta dirisha moja, akakunja uso.

"Hawa wote wako hapa kila siku?"

"Kila siku, mheshimiwa."

Aliandika kitu, akashusha pumzi.

"Hajaridhika," Mama Ratiba alisema sasa garini. "Umeona uso ule? Anaona ni wachache."

"Wachache?" wifi alidakia kutoka nyuma. "Mimi nimekanyagwa mara tatu!"

"Tuongeze."

Kwa hiyo kwa mawakili walikuwa kumi na watano. Dereva alifungwa aproni. Fundi cherehani wa jirani alikabidhiwa kitambaa. Mama mkwe wa Mama Ratiba, aliyebebwa njiani na kandambili zake, alipewa ufagio.

"Mwanangu, nifagie nini?" aliuliza. "Pameshafagiwa."

"Fagia tu, mama."

Sakafu ile ilifagiwa mara nne. Meneja alisimama mbele ya mwanamke wa aproni iliyogeuzwa, akamkazia macho.

"Huyu dada si nilimwona zahanati?"

"Huyo ni pacha wake," Mama Ratiba alijibu bila kupepesa.

"Hata mama yao huwachanganya," wifi aliongeza.

Meneja alikunja uso zaidi. Kwa Mama Ratiba hiyo ilikuwa na maana moja tu.

Maktaba walikuwa ishirini na wawili. Dereva alikuwa ameleta vijana saba wa kuosha magari, viatu vikichuruzika maji kwenye sakafu waliyokuja kuisafisha. Ndoo zilikuwa sita. Wawili walishika ufagio mmoja, kila mtu akivuta upande wake. Mmoja alipangusa kitabu kile kile hadi jalada likapoteza rangi, na mama mkwe alipata kiti, akasinzia. Mkutubi alitoa kichwa nje ya ofisi yake.

"Jamani, leo kuna nini? Hawa wengine..."

Mama Ratiba alimkanyaga mguu, akamwomba radhi kwa heshima zote.

Meneja hakuhesabu tena. Alifunga daftari, akavua miwani.

"Mama, hongera. Una jeshi."

Mama Ratiba alitabasamu hadi jino la mwisho. Alimtazama wifi yake, naye wifi alikuwa karibu kulia kwa furaha.

"Na ukitaka naongeza, mheshimiwa. Wewe sema tu."

"Hapana, mama, inatosha. Kampuni niliyoiondoa ilikuwa na watu hamsini. Walilala stoo, walikanyagana kwenye ngazi, na vyoo vilikuwa vichafu vile vile." Alimpa mkono wa kwaheri, akaelekea mlangoni. Hapo alisimama, akageuka.

"Nilikuja huku kwa sababu nilisikia kuna mama anaendesha majengo matatu kwa watu kumi na wawili na mashine moja tu. Huyo ningemkabidhi funguo leo leo. Wewe uko kwenye kazi hii, humfahamu?"