Shuka la Kuposea

Ndama alikuwa bado anatafuna Judica alipomfikia. Akamzaba kofi la pua, akavuta, na shuka likatoka mdomoni limelowa mate ya kijani, na pembeni lina tundu la kupitisha kichwa.

"Ni lile la safari?" akauliza mumewe, Gidahosh, kutoka mlangoni.

"Tuna mangapi ya safari?"

Judica akaona wazi kwamba Gidahosh amefurahi. Hasira zikampanda.

Asubuhi hiyo Gidahosh na kaka yake walitakiwa kwenda upande wa Gitting kuposa. Safari ya kwanza alikwenda na shuka lililochanwa na miiba begani, na mama wa binti akauliza mbele ya wazee kama huko Hirbadaw sindano ni mwiko. Wakarudi mikono mitupu. Aibu yote ikamwangukia Judica, kana kwamba ni yeye aliyepita kwenye miiba. Wakikataliwa tena leo, nani atawafungulia mlango mara ya tatu?

Akasugua mate kwa sabuni ya mche, akasuuza pembe ile tu ili kwingine kusilowe. Akaikamua ndani ya kitenge kikavu, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikatoa mvuke. Pasi nayo ikatema jivu. Akasugua upya, meno yamekazwa.

Kiraka alikikata kwenye shuka kuukuu, akakipachika kwa ndani, akakunja kingo zisije zikafumuka. Uzi ukakatika. Akatunga tena, ukakatika tena. Uzi wa dukani siku hizi haufai hata kufungia mboga! Akafumua pindo la lile shuka kuukuu, akapata uzi wa zamani wenye nguvu, akaanza upya.

Huku nje ng'ombe walikuwa wanalia, hawajakamuliwa. Ndani uji ulikuwa unaungua, na mtoto mdogo anamwita. Kukamua ni yeye, maji yeye, kuni yeye, kufua yeye, na sasa hata makosa ya ndama ni yake. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mkono wenye sindano, nusura ajichome jicho.

Jirani yake Fausta akaingia kuomba moto.

"Za asubuhi, Mama Tito? Kumbe leo ndiyo siku ya posa!"

"Ndiyo hii."

"Hongera. Tito naye amekua jamani, juzi tu alikuwa anakimbizana na vifaranga, lakini mvulana hashiki ndoo. Angalau sasa utapata mtu wa kukupokea ndoo."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama," Judica akajibu bila kuinua macho. "Nimechoka. Nimechoka kweli."

Gidahosh akakohoa. "Si tungengoja mavuno yapite? Hata sijui nitawaambia nini wale wazee."

"Mavuno! Mwaka jana ulisema tungoje mvua. Ungekuwa unafua wewe, ungeshakwenda zamani."

"Baba Tito," Fausta akacheka, "wenzako wanakimbilia mambo haya, wewe unavutwa kama mbuzi wa mnadani!"

Gidahosh akatazama kandambili zake. Judica akaendelea kupiga bandi ndogo ndogo, moja nyuma ya nyingine, huku akinung'unika. Alipofika mwisho alirudia mstari mara ya pili, maana alimjua mumewe: angepita kwenye kila kichaka cha njiani ili tu achelewe kufika.

Kutoka barabarani kaka mtu akaita. Jua lilikuwa limekwishapanda.

Judica akang'ata uzi, akalikung'uta shuka, akamvika Gidahosh begani, na kiraka akakificha ndani ya mkunjo. Akamtia kibuyu cha asali mkononi. Mume akasimama tu, amekikumbatia kibuyu, hatoki wala harudi.

"Mama Tito..." akaanza.

Judica akamsukuma mgongoni mpaka nje ya boma.

"Nenda," akasema. "Na wakikuuliza kama mke wako wa kwanza amekubali, waambie ndiye aliyekutuma."