Chai Ndani ya Kompyuta

Fundi alipofungua ubavu wa kompyuta ya mhasibu, chai ya maziwa ilimchuruzikia kiatuni. Ilikuwa bado vuguvugu.

"Imechakaa sana hiyo," mhasibu alisema bila kupepesa macho. "Mfumo mpya haiuwezi. Wewe bandika nyekundu tu, fundi."

Fundi alitoa kitambaa akafuta utando wa maziwa uliokwisha kuanza kunata, na harufu ilipompanda puani akageuza uso pembeni. Mtu mzima, tai shingoni, anaimwagia mashine chai kama anamwagilia maua.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mfumo endeshi wa kompyuta za ofisi ile ulikuwa umepitwa na wakati, na mkuu wa ofisi alitaka kujua ni zipi kati ya zile kuukuu zitaweza kubeba mfumo mpya. Unachomeka flashi, programu inapima, jibu linatoka. Inayoweza inapata kibandiko cha kijani, isiyoweza chekundu. Mkuu alitoa sharti moja tu: kibandiko kiwekwe mezani, si kwenye mashine. Fundi aliona ni ajabu kidogo, lakini mwenye kazi ndiye mwenye neno.

Kabla hajafika, uvumi ulikuwa umemtangulia kwamba atakayepata chekundu atanunuliwa kompyuta mpya. Nani aliuanzisha, hakuna aliyejua. Wote waliuamini, na fundi naye akauona una mantiki.

Basi ikawa vituko. Mpokea wageni alikuwa amekandika ubani aliotafuna kwenye matundu ya feni, na alipoulizwa akasema hajui, huku taya zikiendelea na kipande kingine. Afisa ugavi, waliyemwita Mheshimiwa kwa alivyopenda kusalimiwa kwanza, alikuwa amechomoa kadi ya kumbukumbu akaificha ndani ya soksi. Fundi alimbana mpaka akaitoa, nayo imelowa jasho. Aliishika kwa ncha za vidole kama anayeshika mkia wa panya, na hata baada ya kunawa aliona mkono bado unanuka.

Kilichomchafua roho zaidi ni jinsi walivyomkonyeza, kana kwamba yeye ni mwenzao. Akaapa moyoni kwamba hawa hawapati kitu. Akasafisha, akakausha, akarudisha kila kilichochomolewa, na mashine zikapita moja baada ya nyingine. Ya mpokea wageni peke yake ndiyo iliyoshindwa kabisa, na si kwa sababu ya ubani, ni uzee tu. Fundi akabandika kijani. Wabaki na uchafu wao.

Chumba cha mwisho kilikuwa masijala. Mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alikuwa peke yake kati ya meza tupu. Kompyuta yake ilikuwa safi hata fundi akaona haya kuiwekea mikono aliyokuja nayo. Akamwamkia, mama akaitikia, akamvutia kiti.

"Naomba ipite, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimebakiza kidogo nistaafu, na mjukuu wangu bado yuko shule. Walipoziondoa mashine za taipu, tulikuwa tumejaa humu ndani."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Wazee na kumbukumbu zao. Akachomeka flashi, na mashine ikapita bila kusita.

Alimtazama yule mama na miwani yake ya uzi. Wenye chai na soksi wanadai vipya, na huyu mwenye mikono safi anaomba aachiwe kikuukuu chake, eti asisumbue mtu. Bila shaka alikuwa anaogopa tu kujifunza kitu kipya, kama mama yake mwenyewe alivyoogopa simu mpaka alipowekewa mkononi. Siku moja maishani, fundi aliwaza, na mstaarabu naye apate.

Akabandika chekundu.

Mama alikitazama kile kibandiko kwa muda, kisha akakaa polepole na kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Fundi akadhani furaha imemzidi.

"Usijali, mama," alimwambia. "Nimekusaidia."

Mkuu wa ofisi alikuja na katibu muhtasi wake, wakapita chumba kwa chumba wakikagua meza. Kijani, kijani, kijani. Mhasibu alinuna. Mpokea wageni aliacha kutafuna. Fundi alifuata nyuma akijikaza asicheke, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kinyaa kilikuwa kimempungua.

Walipotoka masijala, mkuu alisimama kwenye ujia, uso umemshuka.

"Mmoja tu? Nilitegemea nusu ya ofisi."

Fundi alimhakikishia kuwa kipimo hakidanganyi. Akaomba ya yule mama ishughulikiwe leo leo, maana mtu kama yule si wa kungojeshwa.

"Haya," mkuu alimwambia katibu wake. "Mwandikie barua ya kumwachisha kazi. Mashine mpya hatununui, na meza isiyo na mashine haina mshahara."