Kovu la Bi Mwanahawa

Fundi cherehani Bi Mwanahawa alikunja mkono wa gauni akamwonyesha Riziki, mwanafunzi wake mpya, kovu refu. "Nilishika simu huku napiga pasi. Jionee!"

Riziki akaitupia simu yake mkobani kana kwamba imemng'ata.

Pembeni, Subira, aliyekuwa akipiga pasi kanzu nyeupe, aliinua kichwa. Mwaka jana yeye aliambiwa kovu hilohilo ni la mume mwenye wivu. "Mwanamume akikuuliza mara mbili ulikuwa wapi, mkimbie!" Naye akamkimbia mchumba wake Mbaruku, na posa ikarudishwa.

"Bi Mwanahawa, si ulisema alikuchoma mumeo?"

"Mume wangu? Maskini, yule hata nzi alimwomba radhi kabla ya kumfukuza!" Fundi akacheka mpaka machozi. "Ni mafuta ya maandazi, mwanangu. Sasa nani angekumbuka nasaha ya maandazi? Ile ya mume si umeishika mpaka leo?"

Subira hakucheka. Kanzu ile ilikuwa ya Mbaruku. Alikuwa anaoa Ijumaa.

"Dada, kitu kinaungua!" Riziki alipiga kelele.

Subira alisikia. Mkono wake ukazidi kuikandamiza pasi, na moshi mwembamba ukapanda kutoka kifuani mwa kanzu.